Mali Mbovu Hurudishwa

Kuna sentensi ambayo kila aliyewahi kununua kitu cha umeme Tanga ameisoma, hata kama hakumbuki aliisoma wapi. Imechapwa chini ya risiti, imebandikwa juu ya kaunta, imeandikwa kwa kalamu ya wino mzito kwenye kipande cha boksi: MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI. Utaikuta Ngamiani, kwenye zile barabara zenye namba badala ya majina. Utaikuta Chumbageni, Muheza, Korogwe, hata Pangani kwenye kiduka chenye simu kumi na chaja ishirini. Tumeizoea mpaka tunaitumia sisi wenyewe wanunuzi kumpoza mwenzetu aliyeuziwa kibovu: "Ndiyo hivyo tena, si unajua mali ikishauzwa hairudishwi."

Kwa mali iliyouzwa ikiwa mbovu, sentensi hiyo ni uongo. Ukikinunua kitu kizima kisha ukaghairi kwa sababu rangi haikukupendeza, muuzaji ana haki ya kukukatalia. Lakini friji lisilogandisha, simu inayojizima, runinga iliyoingia giza wiki ya tatu, hivyo ni habari nyingine, na sheria ya nchi hii imekuwa ikisema hivyo tangu enzi za Mwingereza.

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, mzizi wake ni sheria iliyopitishwa London mwaka 1893. Ililetwa Tanganyika wakati wa ukoloni na tukaendelea nayo baada ya Uhuru. Ndani yake mna jambo ambalo muuza samaki wa Deep Sea analijua bila kufundishwa: ukiuza kitu katika biashara yako, kitu hicho kiwe kweli kinafaa kuuzwa kama kitu cha aina hiyo. Na mnunuzi akikueleza anakitaka kwa kazi gani, akategemea ujuzi wako, basi kiifae kazi hiyo. Masharti haya huhesabiwa kuwa yamo katika mauziano hata kama hakuna aliyeyatamka. Yakivunjwa, mnunuzi anaweza kuikataa mali na kudai fedha zake, au kubaki nayo na kudai fidia. Anachotakiwa ni kusema mapema, kwa kuwa akikaa nayo kimya muda mrefu anaweza kuhesabiwa ameipokea, na hapo atabakiwa na haki ya fidia peke yake.

Mwaka 2003 Bunge likaongeza Sheria ya Ushindani, Namba 8 ya mwaka huo, iliyounda Tume ya Ushindani, ile tunayoijua kwa herufi za FCC. Sheria hiyo ina sehemu nzima juu ya masharti yanayochukuliwa kuwemo katika mikataba ya walaji, na sehemu nyingine juu ya wajibu wa watengenezaji. Inakataza pia mfanyabiashara kumpotosha mteja kuhusu kuwepo kwa haki, dhamana au nafuu anayostahili. Lisome tena lile bandiko ukiwa na katazo hilo akilini. Linamwambia mtu mwenye haki kwamba hana haki. Kwa maoni yangu, bandiko lenyewe ni kosa linaloning'inia ukutani.

Wako watakaosema kwamba sheria ya zamani inaruhusu pande mbili kukubaliana kuyaondoa masharti hayo. Ni kweli, inaruhusu. Lakini makubaliano yana wakati wake. Mwaka 1970 mahakama ya rufani ya Uingereza iliamua kesi ya mtu aliyeumia kwenye maegesho ya magari, ambaye wenye maegesho walimwonyesha maneno ya kujivua wajibu yaliyotajwa kwenye tiketi. Mahakama ikasema tiketi ilitoka baada ya mkataba kufungwa, kwa hiyo maneno yake yalichelewa. Hukumu za huko hazizifungi mahakama zetu, ila husikilizwa, maana msingi wa sheria ya mikataba ni mmoja. Sasa jiulize risiti ya Ngamiani unapewa lini. Unapewa ukishalipa. Na hata bandiko ulilolisoma kabla ya kulipa linasema tu "mali". Halisemi "hata mali mbovu". Maneno ya kujivua wajibu husomwa kwa ukali dhidi ya aliyeyaandika, na yakiwa na utata, utata humrudia yeye.

Nimeanza na sheria kwa makusudi, kwa kuwa ubishi wa madukani huwa haufiki huko. Huishia kwenye waranti.

Waranti ni ile kadi iliyomo kwenye boksi, mara nyingi kwa Kiingereza au Kichina, yenye nafasi ya muhuri wa duka. Mtengenezaji anaahidi kwamba kwa mwaka mmoja, kwa masharti yake, atatengeneza kitakachoharibika. Ni ahadi nzuri, lakini ni ya nyongeza. Inakaa juu ya haki uliyonayo kwa muuzaji aliyepokea fedha yako. Muuzaji anayekwambia "hilo ni suala la kampuni, peleka Dar" amechanganya mikataba miwili, na mara nyingi anaichanganya kwa faida yake. Wewe hukununua kwa kampuni. Ulinunua kwake, kaunta yake, risiti yake.

Shangazi yangu wa Pangani alinunua friza mjini Tanga kwa shilingi 780,000. Fedha ilikuwa ya kikoba. Alitaka kuuza barafu kwa wavuvi, na mchana kuuza juisi ya ukwaju na maji ya baridi, na muuzaji alimwambia friza hiyo ndiyo inayowafaa watu wa barafu. Ilipakiwa juu ya basi, ikafika salama, ikafanya kazi wiki saba. Wiki ya nane ikawa inaunguruma bila kugandisha. Nilimsindikiza kuirudisha. Nauli mbili za kwenda na mbili za kurudi, na ya mzigo juu yake.

Kijana wa kaunta aliichomeka, akaisikiliza, akatingisha kichwa.

"Mama, hii umeme umepanda. Kompresa imeungua. Waranti haihusiki na umeme."

"Umejuaje, mwanangu?" shangazi akamuuliza. "Hujaifungua."

"Zote za Pangani ni hivyohivyo, mama."

Tulipoomba ayaandike maneno hayo kwenye karatasi, akasema bosi hayupo. Bosi hakuwepo siku hiyo, wala wiki iliyofuata, wala simu yake haikupokelewa. Shangazi akaipeleka friza kwa fundi, akalipa shilingi 160,000. Tuliporudi dukani kudai gharama hiyo, bosi akapatikana, na jibu lake likawa tayari: imeshafunguliwa na fundi wa nje, waranti imekufa. Mikutano ya kikoba haikusubiri, na marejesho ya mkopo ule aliyalipa kwa miezi mitatu bila kuuza kipande cha barafu.

Katika mjadala huo mfupi mna mambo yote ninayoyalalamikia. Liko neno la umeme, na kwa wenye simu liko neno la maji. Hizi ni sababu mbili za kunyimia waranti katika mwambao wote huu. Kwenye simu kuna kibandiko kidogo cheupe ndani yake kinachogeuka chekundu kikiguswa na maji. Fundi wa duka anakifungua, anakuonyesha wekundu, kesi imekwisha. Hakuna anayeuliza kiligeuka lini, na kwa sababu gani. Kwenye friji na runinga hakuna hata kibandiko. Yapo maneno tu: umeme umepanda.

Tukubali kwamba umeme wetu hupanda na kushuka. Tukubali kwamba hewa ya Tanga ina unyevu na chumvi, na kwamba watu huangusha simu kwenye ndoo. Swali ni nani athibitishe. Mwenye fundi, mwenye vifaa vya kupimia na mwenye uzoefu wa mashine mia za aina ileile ni muuzaji. Mwanamke wa Pangani hana hata bisibisi. Kumtaka yeye athibitishe kwamba kompresa ilikuwa na kasoro tangu kiwandani ni kumtaka asiyeona asome, kisha kumwadhibu kwa kutosoma.

Wenzetu walishaliona hilo. Uingereza, ambako ile sheria ya 1893 ilizaliwa, ilikwisha kuiweka kando kwa walaji. Sheria yao ya Haki za Mlaji ya 2015 inampa mnunuzi siku 30 za kurudisha kitu kibovu na kurudishiwa fedha. Kasoro ikijitokeza ndani ya miezi sita, huchukuliwa kwamba ilikuwepo tangu siku ya kuuzwa, mpaka muuzaji athibitishe vinginevyo. Nchi za Umoja wa Ulaya zimeufanya muda huo wa kuthibitisha kuwa mwaka mmoja au zaidi. Kwa kipimo hicho friza ya shangazi, iliyokufa wiki ya nane, ingemlazimu muuzaji aifungue, apime, aandike alichokiona. "Zote za Pangani ni hivyohivyo" isingekuwa hoja. Sisi tumebaki tumeshika sheria ya babu ambayo mwenye babu mwenyewe ameshaibadili.

Wala hakuna haja ya kusafiri mpaka Ulaya. Panda gari uvuke Horohoro uingie Lungalunga. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 46, inawapa walaji haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaostahili, haki ya kupata taarifa, na haki ya fidia kwa hasara itokanayo na kasoro. Wana sheria ya kumlinda mlaji ya 2012. Wana Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016 na kuanza kazi 2021, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja za huko na kutakiwa kuyamaliza ndani ya siku 60. Sidai kwamba kila Mkenya mwenye simu mbovu ameshapata haki yake. Nasema yupo jirani aliyekaa chini akaandika. Katiba yetu ya 1977 haina ibara juu ya mlaji.

Na kama mtu ataniambia hizi ni fikra za kigeni, nitamjibu kwamba mwambao huu ulikuwa nazo kabla ya 1893. Aliyesoma chuoni anajua kwamba katika fiqhi mnunuzi akigundua aibu iliyofichika katika mali, ana khiyari: airudishe achukue fedha yake, au aridhike nayo. Anaijua pia habari ya Mtume sokoni Madina, alipotia mkono kwenye rundo la nafaka akakuta chini mna unyevu, akamkemea mwenye nafaka kwa kuweka kavu juu na mbichi chini. Neno letu "kughushi" limetoka katika mzizi wa kisa hicho. Kwa hiyo duka linapoandika Bismillahi juu ya mlango na "mali ikishauzwa hairudishwi" juu ya kaunta, maandishi hayo mawili yanagombana, na mwenye duka inampasa kuchagua moja.

Muuzaji naye ana lake la kusema, na nimemsikiliza. Anasema mzigo ameutoa Kariakoo kwa mtu ambaye hakumpa waranti ya maana. Faida yake kwenye friza moja ni ndogo, na akirudisha fedha ya mteja mmoja amekula mtaji. Anasema wako wateja wanaochomoa betri nzuri wakaweka mbovu, wakaja kudai. Haya yote hutokea. Lakini tuyapime. Hilo la mwisho linajibiwa kwa kukagua na kuandika. Kumfukuza kila mteja halijibu. Hilo la kwanza ndilo zito, na jibu lake limo katika sheria ileile: muuzaji wa Tanga naye ni mnunuzi wa Kariakoo, na masharti ya ubora yamo katika mauziano yake na mwenye mzigo. Ana haki ya kudai juu yake, kama mimi nilivyo na haki ya kudai kwake. Anachokifanya ni kuiacha haki yake kwa mkubwa na kuinyakua ya mdogo. Mnyororo unaoanzia Guangzhou au Dubai ukapita Kariakoo ukaishia Pangani, hasara yote inateremka mpaka kwa mtu wa mwisho, ambaye hana wa kumteremshia.

Serikali nayo haiwezi kusimama pembeni. Mamlaka ya Mapato imetufundisha kuimba: ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti. Tumeimba. Katika risiti ya mfanyabiashara aliyesajiliwa mna asilimia 18 ya kodi ya ongezeko la thamani, iliyolipwa na mnunuzi. Basi serikali ilikuwepo kaunta siku ya kununua, ikachukua chake. Siku friza inapokufa, kaunta ileile haionekani. Hata risiti yenyewe ni ya karatasi inayochapwa kwa joto. Kwenye joto la Tanga maandishi hufifia kabla waranti ya mwaka haijaisha, kisha unaambiwa huna uthibitisho. Ilhali risiti hiyo ina namba ya uhakiki, na kumbukumbu yake iko kwenye mtambo wa Mamlaka. Mtambo unaotosha kuthibitisha kwamba kodi imelipwa unatosha kuthibitisha kwamba friza ilinunuliwa.

Wala tusiambiwe hakuna uwezo. Usiku wa tarehe 16 Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano ilizizima simu bandia nchi nzima. Kabla ya hapo tulielekezwa kubonyeza nyota, reli, sifuri sita, reli, tukatuma namba iliyotokea kwenda 15090 kujua kama simu zetu ni halali. Nchi iliyoweza kuitambua simu moja moja mfukoni mwa mtu, ikaizima, ni nchi yenye uwezo. Ila angalia aliyebeba gharama ya kwanza usiku ule: mnunuzi. Alilipa dukani, akalala na simu, akaamka na kipande cha plastiki. Uwezo upo, na umeelekezwa kwa aliyeshika kitu badala ya aliyekiuza.

Ninachokidai si kikubwa. Kwanza, kitu cha umeme kikiharibika ndani ya miezi sita, ichukuliwe kwamba kasoro ilikuwemo, na muuzaji ndiye athibitishe vinginevyo, kwa maandishi. Pili, waranti iandikwe kwa Kiswahili, itaje nani anayewajibika na yuko mji gani. Tangu 2021 Kiswahili ni lugha ya sheria na ya mahakama, na haieleweki kwa nini kadi ya friza ibaki nyuma. Waranti inayotimizwa Dar es Salaam peke yake, kwa mtu wa Lushoto au Mkinga, ni waranti ya jina. Tatu, bandiko la "hairudishwi" lipigwe marufuku kwa jina lake, kama Uingereza ilivyoyapiga marufuku ya aina hiyo tangu miaka ya 1970. Nne, tuwe na utaratibu wa madai madogo wenye ukomo wa siku.

Mpaka hayo yaje, yapo ya kufanya kwa sheria tuliyonayo. Piga picha risiti siku uliyoipata. Kitu kikiharibika, usipige simu tu. Andika barua ya ukurasa mmoja: nilinunua nini, lini, bei gani, kimeharibika lini, nadai nini, kufikia tarehe gani. Ipeleke na nakala, nakala igongwe muhuri au isainiwe. Usikipeleke kitu kwa fundi wa nje kabla duka halijajibu kwa maandishi, au muda uliotoa haujapita. Wakikataa, nakala iende kwa afisa biashara wa halmashauri na kwa Tume ya Ushindani. Na Mahakama ya Mwanzo, ambako lugha ni Kiswahili, hupokea madai ya deni litokanalo na mkataba. Barua inabadili mambo kwa sababu muuzaji aliyezoea maneno ya kaunta hajazoea karatasi yenye tarehe. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na usemi huo unamhusu mnunuzi kama unavyomhusu mwenye duka.

Kazi hiyo ya barua ni yetu, tuliosoma. Shangazi zetu na majirani zetu wanajua wamedhulumiwa. Kinachowakosesha ni mtu wa kukaa nao nusu saa, akaandika, akasimama nao kaunta wakati bosi "hayupo". Duka moja likipokea barua moja litaicheka. Likipokea kumi kwa mwezi litampigia simu mwenye mzigo Kariakoo, na mwenye mzigo ataanza kuchagua anachokileta. Kwa sasa anaendelea kuleta friza za wiki saba kwa sababu hakuna hata moja iliyowahi kumrudia.